Mwongozo mwautaka Jumatatu, mwandishi mwamwita Ijumaa jioni!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Leo nasema.

Ijumaa jioni niko Likoni, nimebanwa kwenye feri na umati wa watu wanaorudi makwao, simu yalia. Ujumbe wa meneja: toleo jipya la programu latoka Jumatatu, tuandikie mwongozo kamili, twajua wewe mwepesi. Toleo lenyewe limejengwa miezi mitatu. Vikao vimefanywa kila asubuhi, wahandisi wamebishana, jina la kitufe kimoja limebadilishwa mara nne. Mie sikuitwa hata siku moja! Sasa kazi ya miezi mitatu ya watu wanane niielewe na kuiandika kwa siku mbili, na Jumatatu mteja akikwama, lawama ni ya mwongozo.

Kwa wasioijua kazi hii: naandika miongozo ya programu ya wingu wanayotumia mawakala wa forodha, wale wenye ofisi Moi Avenue na upande wa Kilindini. Programu ya wingu si ile ya zamani uliyoiweka kwenye kompyuta ikakaa vile vile miaka mitano. Hii iko kwenye seva za mbali, na mwenyewe huibadilisha usiku mteja amelala. Karani akifungua asubuhi, menyu imehama. Pa kukimbilia ni kwenye mwongozo tu. Ukiwa ni mwongozo wa toleo lililopita, heri asiwe nao kabisa, maana ataufuata.

Niwape kisa kimoja ambacho hadi leo chanikera. Mwaka jana kililetwa kipengele cha kutuma ripoti kwa ratiba. Maelezo niliyopewa ni mistari sita ya ujumbe wa simu: mteja achagua saa, ripoti yatumwa kwa barua pepe. Niliomba akaunti ya majaribio nikajionee mwenyewe, nikaambiwa nisubiri. Sikuipata. Nikaandika nilichoambiwa: ukitaka ripoti itoke saa 12 asubuhi, weka 06:00. Hakuna aliyenambia kwamba seva zahesabu saa kwa UTC, ile saa ya kimataifa, na sisi huku tuko mbele yake kwa saa tatu. Wateja wakaweka 06:00, ripoti zikawafikia saa 3.

Dada mmoja, karani wa ofisi ya wakala, akanipigia simu. "Kakangu, nimefuata mwongozo wako neno kwa neno, na bosi yuwasema mimi ndiye mzembe." Ndani ya ripoti ile mlikuwa na orodha ya makontena ambayo siku zake za bure bandarini zilikuwa zinaisha siku hiyo hiyo. Mnaofanya kazi za mizigo mwajua siku hizo zikipita ni nini kinachofuata: gharama ya hifadhi yaanza kuhesabika, na mwenye mzigo hataki kusikia habari za seva. Nilishika simu nikakosa la kumwambia. Sentensi moja tu ingemwokoa: saa za ratiba ni za UTC, kwa hivyo ukitaka ripoti saa 12 asubuhi ya Kenya, weka 03:00. Mhandisi aliyekijenga kipengele kile alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Kulisema lisingemchukua hata dakika.

Halafu wamepata jawabu lao jipya: akili unde. "Ipe iandike, dakika moja tu!" Sikatai, naitumia, kunyoosha sentensi na kusaka istilahi nilizozichanganya. Lakini walipoipa iandike ukurasa wa API, yaani njia ya programu nyingine kuzungumza na yetu, ilitoa kigezo cha kupanga matokeo kwa tarehe ambacho kwenye mfumo wetu hakipo. Kimeandikwa kwa ufasaha, na mfano juu. Hapo hapo ikaeleza kwamba makosa ya nambari 401 na 403, ambayo mfumo hutoa ukikukatalia, yote ni "huna ruhusa". Sivyo! 401 ni kwamba mfumo haujakutambua, pengine tokeni, ule ufunguo wa muda wa kuingilia, imeisha muda au haikutumwa. 403 ni kwamba umekutambua lakini hapo hupaswi kuingia. Wa kwanza atafute tokeni mpya, wa pili amwendee msimamizi wa akaunti yake. Ukiyachanganya, mtu atabadilisha tokeni mchana kutwa na mlango haufunguki. Nilipoyasema haya nikaambiwa nachelewesha kazi.

Mimi nachelewesha? Haraka naijua. Ukurasa mzuri nautoa kwa saa mbili, wallahi, nikiwa nimekaa na mhandisi dakika arubaini na niko na akaunti ya kujaribia. Siku nzima hupotea kwa kusubiri: kusubiri nenosiri, kusubiri mtu ajibu swali, kusubiri kujua kama kitufe bado chaitwa "Wasilisha" au kimekuwa "Tuma". Kupiga chapa ndiyo sehemu ndogo kabisa ya kazi hii.

Na vifaa vipo, wala si vya jana. Git, ya kutunza msimbo na kila badiliko lake, iko tangu 2005; Markdown, namna nyepesi ya kupangilia maandishi, tangu 2004. Mwongozo uwekwe kwenye hazina ile ile ya msimbo, anayebadilisha kitufe abadilishe na mstari unaokitaja, na badiliko lisipite mpaka vyote viwili vikaguliwe. Orodha za API zizalishwe kutoka kwenye faili la OpenAPI, lile linaloieleza API kwa mpangilio unaosomeka na mashine, ambalo wahandisi wanalo tayari, mie nibaki na yale ambayo mashine haiyajui: kwa nini, lini, na tahadhari gani. Picha za skrini zipunguzwe. Kila picha ni deni, kitufe kikihama yapaswa kupigwa upya, na mwongozo wetu una picha mia na zaidi kwa sababu meneja azipenda. Haya nimeyaandika kwenye barua pepe mara mbili. Barua ya pili haikujibiwa.

Kwa toleo hili la leo nimefanya hivi. Jumamosi usiku mhandisi mmoja, Mungu ambariki, alinifungulia akaunti ya majaribio kwa huruma yake. Nimeandika kurasa kumi na moja, kila hatua nimeifanya kwa mkono wangu kabla ya kuiandika. Kurasa zilizobaki sikuzijaza kwa kubahatisha. Nimeweka kichwa, na chini yake: bado haijahakikiwa. Tangu asubuhi meneja amenipigia mara tatu niyatoe maneno hayo, ati yaaibisha kampuni mbele ya wateja. Siyatoi. Yule dada wa Moi Avenue naye ni mteja.

Walio kwenye kazi hii, hapa Mombasa na kwengineko, nyinyi mwafanyaje? Kuna yeyote aliyefaulu kuingizwa kwenye vikao tangu siku ya kwanza? Ulimwendea nani, na ulimwambia nini mpaka akakusikiza?