Kupuliza hewa kwenye bawa la ndege: akili au kujitafutia mzigo?

Wakuu habari za mchana. Huu ubishi umeanzia kwenye grupu letu la wapenda ndege, kule kumeshakuwa kelele tu nikaona niulete huku. Jamaa anashikilia eti ndege zote mpya ziwekewe mfumo wa kupuliza hewa juu ya bawa ili zitue taratibu, na pesa za utafiti za serikali ziende huko. Mi nasema yote mawili hapana.

Kwa wasiojua, ndege ikipunguza mwendo na kuinua pua, hewa inayopita mgongoni mwa bawa inachoka, inabanduka, bawa halibebi tena. Ukipuliza hewa kali kwenye upenyo mwembamba pale flapu (kile kipande cha nyuma ya bawa kinachoshushwa wakati wa kutua) inapoanza kuinama, ile iliyochoka inapata nguvu inaendelea kung'ang'ania bawa.

Inafanya kazi, hilo sibishi. Mjapani ana US-2 ya ShinMaywa, ndege ya uokoaji inayotua baharini, ikijaa ni kama tani 47 na bado inaweza kuruka chini ya kilomita 100 kwa saa, wakati Cessna Caravan, ndege zetu hizi ndogo za kwenda Serengeti, tani 4 tu, hata ukishusha flapu zote zikipungua mpaka kama 113 bawa linakata tamaa! Ila sasa US-2 imebeba injini ya tano tumboni, kazi yake kusukuma hiyo hewa tu. Injini nzima jamani. Anayetua kwenye mawimbi ya mita 3 namwelewa, wewe wa vumbini unaitaka ya nini? Bandika vile vibati vidogo mgongoni mwa bawa vinavyokoroga hewa, havili mafuta.

Fundi wa Hanga: Ongezea F-104, ndege ya kivita ya Mmarekani, ile ilichota hewa ya kupuliza flapu kwenye injini yake yenyewe. Rubani akipunguza moto kabla hajagusa chini, upepo wa flapu nao unapungua na ndege inashuka kama jiwe. Yaani injini ikikuangusha na bawa linakusaliti palepale.

Kipepeo: Mnaongelea mambo ya bibi na babu. 2015 NASA, wale wa anga wa Marekani, na Boeing waliweka vitundu 31 vya kupuliza hewa kwenye mkia uliosimama wima wa ndege ya 757, havina hata kitu kinachocheza ndani, hewa inayumba yenyewe kushoto kulia, na nguvu ya mkia kusukuma ndege kando ikiwa angani ikakadiriwa kupanda asilimia 13 mpaka 16. Ule mkia umekuwa mkubwa vile kwa ajili ya siku injini moja inazima wakati wa kupaa, safari zingine zote mnabeba bati la bure. Upunguzeni muone mafuta.

Mwenye mada: Kipepeo hapo umenibana kidogo, mkia nakubali, maana unapuliza dakika chache tu basi. Lakini hewa yenyewe walitoa kwenye ka-injini ka mkiani, ikawa ya moto mpaka wakafunga na kifaa cha kuipoza kwanza. Vitundu havina kinachocheza, sawa, ila hayo mabomba yanayoileta hewa nani anayakagua?