Kabureta mbili kwenye Beetle: fundi amefunga, hakupima, vali imeungua

Wakuu, nimeshika vali ya kutolea moshi ya silinda namba 3. Ukingo wake umeungua, umemeguka. Miezi miwili iliyopita injini hii ilikuwa nzima.

Gari ni Volkswagen Beetle ya 1970, injini ya cc 1584, ile inayopozwa kwa hewa. Kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ya kiwandani ni moja, imekaa katikati, na petroli husafiri kwenye bomba refu jembamba kabla ya kuzifikia silinda. Ndiyo maana watu hufunga mbili, kila upande na yake, njia iwe fupi na injini ipumue. Nilinunua kabureta mbili mpya za Weber 34 ICT. Kabureta sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na mtu anayejiita bingwa wa Beetle: alizifunga kwa saa mbili, akakanyaga mafuta mara tatu, akasema "sikia inavyonguruma", akanipa funguo.

Tangu lini mngurumo ukawa kipimo?

Nimekuja kugundua kabureta ya kulia ilikuwa inafunguka kabla ya ya kushoto. Kile kidude cha kuweka juu ya mdomo wa kabureta ili usome hewa inayovutwa, hana. Alilinganisha kwa sikio, tena injini ikiwa baridi! Injini hii ikipata moto hutanuka, hedi (vichwa vya silinda) mbili zinaachana, na fimbo zinazovuta kabureta hazikai tena pale ulipoziacha. Hiyo kazi hufanywa injini ikiwa imeshapata moto, basi.

Jeti, vitundu vinavyopima petroli ndani ya kabureta, hakugusa. Gasketi ya manifoldi (bomba la kuingiza hewa na petroli kwenye hedi) ya kushoto aliikalisha upande, ikawa inavuta hewa ya wizi, kwa hiyo silinda 3 na 4 zikapata petroli pungufu. Sasa kwenye Beetle ya mwaka huu kipoza oili kimesimama ndani ya boksi la feni, juu ya upande huohuo, na hewa ya kupoza inayofika namba 3 imeshapashwa moto. Silinda inayoteseka kuliko zote ndiyo aliyoipunja petroli.

Lililoniuma zaidi ni distribyuta, kile kifaa kinachogawa cheche kwa silinda. Yangu huwahisha cheche kwa kuvutwa na upepo wa kabureta, haina njia nyingine. Fundi aling'oa kabureta ya zamani, hosi inayotoka kwenye distribyuta kuja kwenye kabureta akaiacha inaning'inia. Kwa hiyo cheche ilichelewa muda wote, petroli ikawa bado inaungua wakati vali ya moshi inafunguka, na vali ndiyo ikala huo moto. Kila nikikanyaga gari linasita kwanza. Nilimrudia mara mbili. Mara ya kwanza akasema "litazoea". Mara ya pili akalaumu petroli. Gari linazoea nini, hosi haijaunganishwa popote?

Kama umefungiwa kabureta mbili karibuni, fungua boneti ya nyuma leo uangalie hiyo hosi inaishia wapi. Gari likisita ukikanyaga, usiliendeshe.

Hedi nimeshashusha, natafuta distribyuta inayofaa. Aliyefunga 34 ICT kwenye hedi za tundu moja la hewa, ulianza na jeti namba ngapi, na distribyuta uliweka ipi?