Siku 6 porini bila umeme: picha nizitunzeje?

Swali: Wakuu, naenda kupiga picha porini siku 6, hakuna umeme wala mtandao. Kamera ni ya megapikseli 24, napiga RAW (faili ghafi la picha), nina kadi 2 za GB 64. Zitatosha?

Jibu 1: Piga hesabu. RAW moja ya megapikseli 24 ni kama MB 30, kwa hiyo GB 64 hubeba takriban picha 2,000. Ukipiga 500 kwa siku utafikisha 3,000. Zitaenea kwenye kadi zote mbili, ila nakala huna hata moja, na hilo ndilo la kuogopa. Kama kamera ina nafasi mbili za kadi, iseti iandike kila picha kwenye kadi zote mbili kwa pamoja, kisha ongeza kadi 2. Usifomati (kufuta kadi yote) kitu hadi urudi.

Jibu 2: Ikiwa nafasi ni moja, beba kisoma kadi cha USB-C na SSD ndogo (diski ya nje ya kuhifadhia), unakili kupitia simu kila jioni. Halafu fungua picha kadhaa kutoka kwenye SSD na uzikuze. Ukubwa wa faili kulingana si uthibitisho. Usichomoe kadi wakati inaandika, maana orodha ya mafaili huweza kuvurugika na kadi ikaonekana tupu. Ikitokea, acha kuitumia papo hapo! Mara nyingi picha bado zimo, na PhotoRec (programu ya kuokoa mafaili) huweza kuziokoa mradi hujaandika juu yake.

Jibu 3: Kukiwa na baridi, betri za akiba zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Muuliza swali: Nafasi ni moja. Nachukua SSD.