Saa ya dola 9,000 au ya dola 20: mngekuwa mimi mngechukua ipi?

Mwana_Kamalondo
Jambo kwenu wakubwa na wadogo. Mkataba wangu mgodini umeisha, haki zangu wamenilipa zote, na kabla ndugu hawajaanza kupiga simu nataka kujinunulia kitu kimoja cha kwangu mwenyewe. Miaka sita nimefanya kazi chini ya shefu mmoja. Kila akitia sahihi karatasi, mkono wa shati unapanda kidogo na Rolex Submariner, saa ya bei kali ya Uswisi, inachungulia. Anasaini, inajificha tena. Ile saa imenikaa kichwani.

Ninazozipima ni hizi. Ya kwanza ni Submariner mpya isiyo na tarehe, ambayo dukani ng'ambo inapita dola 9,000. Ya pili ni Omega au Rolex iliyotumika, nimtume mtu anayekwenda Dubai. Ya tatu ni Tissot PRX au Seiko 5, yaani kati ya mia tatu na mia saba na kitu. Ya nne ni ile Casio F-91W ya plastiki, kama dola 20. Ya tano ni kopi, zile zinazotembezwa mjini kwenye sahani ya kadibodi.

Mama watoto ana chaguo la sita: lupango, yaani kiwanja. Hilo nimeliacha nje kwa makusudi.

Kijana_wa_Kenya (commune ya Lubumbashi, si nchi, msianze tena)
Yaya, weye uko unatafuta saa ao uko unatafuta watu bakuangalie? Kama ni saa, simu iko mu mufuko. Kama ni watu, chukua kopi ya dola 60, hakuna mutu hapa Lubumbashi atajua.

Mhandisi_Kolwezi
Tuanze na hesabu, maana wengi wanadhani saa ya bei kali inasema muda kwa usahihi zaidi. Sivyo.

Saa ya betri ina kipande cha kwazi (quartz, jiwe la fuwele) ndani kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Saa ya springi, hata iwe ya mfalme, ina gurudumu dogo linaloyumba huku na huku, mara nyingi mapigo 6 au 8 kwa sekunde. Chenye mapigo mengi zaidi kinakata muda kwa vipande vidogo zaidi, na hakisumbuliwi sana na mkono unavyokaa.

Rolex inaahidi kwamba saa yake haitapotea zaidi ya sekunde 2 kwa siku, mbele au nyuma. Kwa saa ya springi hiyo ni kazi kubwa mno, kwa sababu hata cheti cha uhakiki cha Uswisi kinaruhusu kuchelewa sekunde 4 au kuwahi sekunde 6 kwa siku. Sasa zidisha. Sekunde 2 mara siku 30 ni dakika nzima. Casio ya dola 20 inaahidi sekunde 30 kwa mwezi. Seiko 5 ya sasa yenye mashine ya 4R36 ndiyo mlevi wa kundi: kiwandani wanakubali ichelewe hadi sekunde 35 au iwahi hadi 45 kwa siku, ingawa nyingi zinafanya vizuri kuliko hapo.

Kesi hii iliamuliwa zamani, tarehe 25 Desemba 1969, Seiko ilipotoa Astron, saa ya kwanza ya mkononi ya kwazi kuuzwa. Miaka iliyofuata viwanda vya Uswisi vilianguka kimoja baada ya kingine, na maelfu ya mafundi wakarudi nyumbani. Waliobaki waliacha kuuza muda, wakaanza kuuza kitu kingine. Mwana Kamalondo, jiulize kama hicho kitu kingine unakitaka.

Mwana_Kamalondo
@Mhandisi asante, lakini umenifanya niione Casio kama injinia na mimi kama mjinga. Na zile mita 300 za chini ya maji ambazo Submariner inahimili?

Mhandisi_Kolwezi
Ni za kweli. Submariner ilizaliwa mwaka 1953 kwa ajili ya wazamiaji. Wewe unavuka mto Lubumbashi kwa daraja.

Fundi_Katuba
Nimesoma, nimecheka, sasa nijibu. Mimi ni fundi saa, meza yangu iko kando ya soko, na lensi ya jichoni imeniachia alama ya duara usoni.

Kijana wa Kenya anasema hakuna atakayejua kopi. Mwezi uliopita alikuja papa mmoja mwenye suti, ananong'ona kama amekuja kununua dawa za siri. Rolex yake imesimama. Aliinunua dola 800, kwa nani sitaandika. Nikaiweka kwenye kishikio, nikazungusha kifuniko. Haikuhitaji hata nguvu. Ndani kulikuwa na pete ya plastiki nyeupe, nyeupe kama kifuniko cha chupa ya maji, imewekwa kujaza nafasi. Katikati ya hiyo pete kuna kimashine kidogo kuliko ukucha wangu wa kidole gumba, na betri. Betri ndiyo imeisha. Nikambadilishia kwa bei ya betri, mshale ukaanza kuruka tak, tak, tak, mara moja kwa sekunde. Papa akafurahi. Sikumwambia kitu. Alijua, nilimwona usoni kwamba anajua.

Hiyo ni kopi mbaya. Kuna kopi nzuri sasa, mshale wake unateleza kama wa kweli, uzito wake ni uleule, na hizo hata mimi bila kufungua siapi. Ndiyo sababu msiniletee picha kwa simu mkaniuliza "fundi, hii ni orijino?"

Kuhusu ya kweli. Mashine ya springi ina mafuta, na mafuta yanakauka. Rolex yenyewe inashauri ipelekwe kwa matengenezo kama kila miaka 10. Ipelekwe wapi? Hapo ndipo penye kazi. Vipuri vyao hawamuuzii fundi wa mtaani kama mimi. Mkono ninao, akili ninayo, kipuri sina. Seiko nikikosa kipande nachukua kwenye Seiko iliyokufa, nina kopo zima la Seiko zilizokufa. Na msimu wa kiangazi vumbi letu jekundu linaingia popote mpira wa kuzuia maji ulipochoka. Nimefungua saa za watu wa mgodini nikakuta ndani kama barabara ya Kipushi.

Mama_wa_Dubai
Mwanangu Kamalondo, usimtume mtu. Mimi nakwenda Dubai kwa nguo na viatu, na huwa wananipa pesa za saa. Nakataa. Nikirudi na kitu cha dola 5,000 mkononi, halafu mwenyewe aseme si chenyewe, nitajitetea kwa kitu gani?

Nikupe langu. Marehemu mume wangu aliacha Omega, ya kweli, yenye boksi na karatasi zake. Mwaka ambao mtoto alitakiwa kulipiwa chuo nikasema niiuze. Niliizungusha mjini wiki mbili. Wa kwanza akatoa dola 300. Wa pili, mtu ana magari matatu, akatoa 500 na anataka kulipa kwa awamu. Kila mmoja aliigeuza, akaipima kwa kiganja, akauliza "ni orijino?" Nikitoa karatasi anazitazama kama barua ya Kichina. Mwishowe niliivaa mimi mwenyewe hadi Dubai, nikaiuzia kule, na nilipata mara tano ya ile mia tatu. Lakini ondoa tiketi.

Watu wanaosema saa ni kama benki wamesoma habari za kule. Ni kweli kuna saa zilipanda kama moshi, hasa 2021 hadi mwanzo wa 2022, mtu ananunua dukani asubuhi anauza kwa faida jioni. Halafu zikashuka, na waliochelewa wakaungua. Mwaka 2017 Rolex Daytona moja ya mcheza sinema Paul Newman iliuzwa mnadani New York zaidi ya dola milioni 17. Ilikuwa ya Paul Newman. Yako itakuwa ya Mwana Kamalondo, samahani mwanangu.

Ukitaka kuweka pesa mwilini weka dhahabu. Dhahabu inapimwa kwa mizani, hapa, mchana, mbele ya macho yako. Saa inapimwa kwa maneno ya muuzaji.

Nyawera_Bukavu
Mama amesema kweli. Huku Bukavu pia saa ya maelfu ukitaka kuiuza haraka inakuwa saa ya mamia. Mimi nimevaa Casio F-91W ya pili maishani. Ilitoka 1989, sura haijabadilika, betri wanaahidi miaka 7 na yangu imepita hapo. Mkanda umekatika mara mbili, saa haijui.

Golf_Meteo
Wote mnamponda kijana, acha nimtetee kidogo. Mimi ninayo. Omega Speedmaster, ya kuvuta kwa mkono.

Sitadanganya kwamba ni akiba. Nimeimeza ile pesa. Lakini kila asubuhi kabla ya chai naishika, nazungusha kitufe mpaka kinakataa, na kwa hizo sekunde ishirini hakuna simu wala deni. Nikiiweka sikioni naisikia. Mtoto wangu wa mwisho anaita "mdudu wa baba".

Halafu kuna hadithi yake. Julai 1969 Buzz Aldrin alishuka mwezini na Speedmaster mkononi. Mwenzake Armstrong yake aliiacha ndani ya chombo, kwa sababu saa ya umeme ya humo ilikuwa imeharibika. Mashine ya kisasa imelala, ya springi inashika zamu. Nikifikiria hivyo sijutii.

Masharti yangu: usinunue kwa pesa ya kazi iliyoisha. Mimi nilinunua nikiwa na mshahara unaoingia, nyumba imeezekwa, ada imelipwa. Na sivai nikiwa kwenye manseba, hizi teksi za pikipiki.

Kijana_wa_Kenya
Yaya Golf, huivai ku manseba, huionyeshi watu, umeinunua ya nini?

Golf_Meteo
Nimeshasema. Mdudu.

Mwana_Kamalondo
Nimekaa kimya wiki mbili, nisameheni. Nirudishe habari.

Jumamosi nilikwenda kuchukua cheti changu cha kazi. Shefu yupo, akanikaribisha vizuri, tukaongea. Ikafika wakati wa kusaini, mkono wa shati ukapanda, Submariner hiyo. Nikaona niulize tu, "Shefu, saa ngapi sasa?"

Akatoa simu mfukoni.

Nikatazama vizuri kwa mara ya kwanza. Mshale wa sekunde hauendi. Saa imesimama kwenye saa nne na dakika kumi, na sisi tulikuwa tunaelekea saa nane. Akaniona ninavyotazama, akacheka, akasema ilisimama mwezi wa nane huu, anamngoja mtu wa kuaminika anayekwenda Johannesburg, na bei ya matengenezo waliyomtajia ilimfanya atafute kiti. "Lakini siwezi kuivua," akasema, "mkono unakuwa mwepesi."

Sasa, wakubwa, sitawaambia kwamba siitaki tena. Naitaka. Hata imesimama ilikuwa nzuri. Ila nimechukua Seiko 5, mpya, yenye mgongo wa kioo, na usiku namwonyesha mama watoto gurudumu linavyoyumba kwa tochi ya simu. Anasema ni nzuri, halafu anageukia lupango. Ndiyo, ameshalipata. Jana alilipima kwa hatua, kwa kandambili, akinituma nishike kamba upande wa pili.

Mkanda wa Seiko unanipwaya, unateleza hadi kwenye kiwiko.

Fundi_Katuba
Ilete. Ni pingili mbili za kutoa, ungoje ukiwa umesimama. Ya shefu wako usiilete.