Shirikisho la sayari: amri ikichukua miaka minne kufika, jeshi ni la nani?

Fundi_Riwaya:
Wakuu habari zenu. Nina riwaya naandika, kuna shirikisho la sayari tisa, kila moja na bunge lake, halafu bunge la juu na rais ambaye ndo amiri jeshi mkuu wa wote. Nimekwama kwenye jeshi. Meli zangu haziizidi kasi ya nuru, na nyota ya jirani kabisa na jua letu, Proxima Centauri, iko miaka ya nuru 4.2, yani kamanda wa kule akiuliza "tumevamiwa, tupigane?" jibu analipata baada ya miaka minane na ushee. Sasa amiri jeshi anaamuru nini hapo? Na nikimwachia kamanda aamue mwenyewe, nini kitamzuia asijitangaze mfalme? Sura ya tatu nimeiandika mara sita inagoma.

Mwana_wa_Kusi:
Ndugu yangu hilo sisi wa pwani tulishaishi nalo. Jahazi lilikuwa linaenda Arabuni na kusi, linarudi na kaskazi, kwa hiyo ukituma barua Maskati majibu unayangoja mpaka upepo ugeuke. Ndo maana Oman iliweka maliwali, yani magavana wake huku. Ukoo wa Mazrui walikuwa maliwali Mombasa, ukoo wa Busaidi walipochukua utawala kule Oman hao Mazrui wakagoma kuwatambua, wakajitawala mpaka Seyyid Said, mtawala wa Kibusaidi, alipowashinda 1837. Ngome wanayo wao, ushuru wanakusanya wao, askari wanakula kwao, wamtii mtu wa mbali kwa lipi? Mimi ningempa kamanda meli na silaha, ila mafuta na posho za askari zishikwe na bunge la sayari aliyopo.

Bintiziwa:
Mkuu hapo nakupinga kidogo, maana kamanda na hilo bunge wakipatana ndo wameasi wote kwa pamoja. Halafu mnafikiria kuanza vita tu, kusimamisha je? Vita Kuu ya Kwanza ilisimama Ulaya 11 Novemba 1918, lakini von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, na askari wake, wengi watu wa huku kwetu, walikuwa porini, tarehe 13 wakauteka mji wa Kasama, kesho yake ndo habari zinawafikia, silaha wameweka chini tarehe 25 pale Abercorn, leo Mbala, Zambia. Hizo ni siku chache tu na simu za waya zilikuwepo! Kwako watu watauana miaka minne baada ya amani kusainiwa, inaniuma hata kuiwaza. Katiba iseme kamanda anaruhusiwa kujilinda tu, na kila miezi sita raia wa hapo hapo wapige kura kama vita iendelee, wasipoipigia kura, vita inakufa yenyewe.

Saa_Saba:
Ongezea na saa za walio melini, zinaenda polepole kuliko za nyumbani. Meli ikienda asilimia 99 ya kasi ya nuru, hiyo safari ya miaka minne kwa waliomo ndani ni kama miezi saba tu. Askari anafika bado kijana wakati rais aliyemuapisha kashastaafu au kashakufa. Kiapo kiwe kwa katiba, kikiwa kwa mtu umeliwa.

Fundi_Riwaya:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Sura ya tatu naifuta yote. Kamanda wangu haombi ruhusa tena, anakaa ukumbini na wavuvi na walimu wa sayari ile, kura ya kuendelea na vita imekosa mtu mmoja, na adui anaonekana kwenye rada. Naanza hapo leo usiku.