"Nipo njiani" imenigeuza muongo, naomba ushauri

Wakuu, salaam. Nina miaka 37, sinywi, sivuti, sidaiwi na mtu. Kinachonimaliza ni maneno mawili: "nipo njiani".

Juzi simu iliita nikiwa nimeinama uvunguni natafuta kiatu cha pili. Mwanangu wa miaka sita akapokea, akajibu bila hata kunitazama: "Baba yupo njiani." Akakata, akarudi kwenye katuni zake. Hakuna aliyemtuma. Nikabaki uvunguni na aibu yangu.

Nilianza zamani, kumtuliza tu anayenisubiri. Sasa linatoka lenyewe, na limeshazaa: "nishatuma", "meseji yako sikuiona". Nilijaribu ile ya kwamba tabia hubadilika kwa siku 21, siku ya tisa nikateleza, nikaacha. Kwa umri huu nabadilika kweli?

Kalamu Butu: Siku 21 sahau, mkuu. Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa sura, aliandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuzoea sura mpya. Watu wakabeba 21, "angalau" wakaiacha. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96. Utafiti wao wa 2010 ulipata kwamba tabia mpya huzoeleka kati ya siku 18 na 254, kwa wastani 66. Na kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Wewe umesusa kwa kuteleza mara moja!

Mama Wawili: Hao walikuwa wanazoea vitu kama kunywa maji na kula matunda, si kuacha uongo. Kaka, uongo wako unaamshwa na swali "uko wapi?" Swali hutalizuia, basi liandalie jibu lingine. Kabla ya kupokea tazama saa, kisha utaje saa: "Natoka saa tatu kasoro." Ukishataja saa, huna pa kujificha.

Mzee wa Kona: Unajitesa bure. Kila mtu husema hivyo, na anayesubiri anajua.

Mtoa uzi: Mzee wangu, anayesubiri anajua. Mtoto hajui, yeye kaokota tu.

Mama Wawili: Basi mrekebishie mbele yake. Mpigie huyo mtu mtoto akisikia.

Mtoa uzi (siku tatu baadaye): Mrejesho. Leo nimeulizwa niko wapi, nikajikaza: "Bado hata sijaoga." Upande wa pili kimya. Halafu jamaa akacheka: "Afadhali, na mimi ndo naamka."