Fimbo za gofu zisizopigiwa kelele: Wilson, Srixon, Mizuno, Cobra au nyingine? Tulinganishe

KediWaZamani
Wadau habari za jioni. Kuna jambo linanikaa moyoni siku nyingi nimeona leo nilimwage hapa tulichambue pamoja. Ukienda klabu yoyote, iwe Gymkhana Dar, iwe Lugalo, iwe Arusha, ukaangalia mabegi yaliyopangwa pale tii ya kwanza, pa kuanzia mchezo, majina ni yaleyale, TaylorMade, Callaway, Titleist, Ping, na mtu akitokea na Wilson anaangaliwa kama kaja na seti ya kujifunzia ya mtoto. Inaniuma kweli.

Mimi nilianza ukedi nina miaka 13, nimebeba mabegi ya watu miaka kibao kabla sijawa na la kwangu. Airon, yaani fimbo ya kichwa cha chuma, ya kwanza kuipiga maishani mwangu ilikuwa namba 7 ya Wilson Staff, nilipewa na mzee niliyekuwa nambebea. Ni bledi, yaani airon isiyochimbwa mgongo, nyembamba kama kisu, na pale katikati ya uso ile kromu imelika doa ukubwa wa sarafu ya shilingi mia maana yule mzee alikuwa anapiga palepale kila siku ya Mungu. Ninayo mpaka leo.

Sasa watu hawajui kwamba hao Wilson wa Chicago ndio waliokuwa na bingwa wa zamani Gene Sarazen, alisaini nao miaka ya 1920 akabaki nao mpaka anafariki 1999. Kwenye mashindano makubwa ya gofu, Padraig Harrington kachukua The Open 2007 na 2008 na PGA hiyohiyo 2008 akiwa na Wilson. Gary Woodland kachukua U.S. Open 2019 pale Pebble Beach na bledi za Wilson. Sio historia ya babu zetu hiyo, juzi tu.

Handikapu yangu 14, yaani kwa makadirio nazidisha mikwaju 14 juu ya kiwango cha uwanja, nataka kubadilisha airon, 5 mpaka pichingi weji, ile fimbo fupi ya mikwaju ya karibu. Nimezipunguza zimebaki Wilson, Srixon, Mizuno na Cobra. Aliyewahi kuzipiga aseme, na sio kusoma tangazo.

FundiGripu
Kedi nakuunga mkono ila ngoja nianze na kitu ambacho watu wengi wanaoniletea fimbo hawakijui. Usilinganishe namba, linganisha digrii. Airon namba 7 za zamani kama hiyo ya mzee wako zilikuwa na lofti, yaani mlalo wa uso wa fimbo, ya digrii 34 au 35, siku hizi kampuni zinatengeneza namba 7 yenye 28 au 29, halafu mtu anapiga mpira unaenda mbali anasema hii fimbo ina nguvu, wakati alichoshika kwa kipimo cha zamani kinakaribia namba 5. Mtu anatoka dukani kafurahi akifika uwanjani hana fimbo ya mita 100 kwa sababu pichingi yake nayo imepunguzwa digrii, inabidi anunue weji nyingine ya kuziba pengo.

Srixon ZX5 Mk II namba 7 ni digrii 31, ZX7 Mk II ni 32. Ziko katikati, hazikudanganyi. Na kwa handikapu 14 ningekwambia ZX5, ile ZX7 ni ya mtu anayepiga katikati ya uso kila mara kama huyo mzee wako.

Halafu Srixon ni mali ya Sumitomo Rubber ya Japani, hao hao ndio walionunua kampuni ya Cleveland mwaka 2007. Kwa hiyo mtu anayedharau Srixon huku weji yake ni Cleveland ajue anadharau baba mmoja mama mmoja.

NgongRoad
Sasa hapa Nairobi mimi ni mtu wa Srixon na nitawaambia kwa nini, ni soli yake. Ukiigeuza uangalie chini utaona imekatwa kama V, mbele imeinuka na nyuma imeinuka. Viwanja vyetu vingi huku ni kikuyu, na wale mmecheza kikuyu mnajua ile nyasi inashika fimbo kama mkono wa mtu, ukipiga mzito kidogo tu kichwa kinajifunga na mpira unaenda kushoto. Tangu nichukue ZX5 hiyo shida imepungua sana, fimbo inaingia na inatoka. Mvua za Aprili ndio utaona tofauti zaidi, feawei, ile njia ya nyasi fupi kuelekea shimoni, zikiwa laini.

Na kama ni sifa za kushinda, Hideki Matsuyama alishinda Masters 2021 na Srixon, Shane Lowry The Open 2019, Brooks Koepka PGA 2023. Hiyo ni orodha ya kampuni ndogo kweli?

Lakini Mizuno nitoe kwa hii list. Mizuno kila mtu anaiheshimu, hiyo haihitaji kutetewa.

Mzee wa Nyali
NgongRoad mwanangu hapo tutagombana kidogo. Mizuno inaheshimiwa mdomoni, lakini mabegini haimo. Nenda hapa Nyali uhesabu. Watu watakwambia oh Mizuno laini kama siagi, halafu wanunua nyingine.

Mimi nimezipiga Mizuno zaidi ya miaka 20. Zafuliwa kule Hiroshima, kipande kimoja cha chuma chapigwa moto mpaka chawa kichwa na shingo pamoja, hakuna kuunganisha. Ukilenga vyema husikii kitu mkononi, ukikosea wajua ulikosea wapi hata kabla mpira haujatua. Tiger Woods alipochukua Masters ya 1997 kwa tofauti ya mikwaju 12 airon zake zilikuwa Mizuno, wangapi wajua? Na huyo Koepka wako, U.S. Open mbili za 2017 na 2018 alizipiga na Mizuno, wala hakuwa na mkataba nao. Mtu asolipwa akachagua mwenyewe, huo ndio ushahidi mimi nautaka.

Sisi wa pwani lakini tahadhari na chumvi. Weji isiyopakwa kromu hapa yala kutu ndani ya wiki, lazima uifute na kitambaa chenye mafuta kila ukirudi nyumbani.

KediWaZamani
Shikamoo mzee. Hiyo ya Tiger na Mizuno naijua na ndio kinachonitia hasira, maana watu wanakumbuka shati jekundu hawakumbuki fimbo. Swali langu, kwa handikapu 14 hizo za kufuliwa nitazimudu au nitajitesa?

Mzee wa Nyali
Marahaba. Utazimudu ukichukua Mizuno za JPX, usiende kwenye bledi. JPX za kufuliwa zina mgongo uliochimbwa, husamehe. Zile ziitwazo Hot Metal ni za kumiminwa, hazifuliwi, ni nzuri na mpira waenda mbali, ila ladha si ile.

DadaFeawei
Naomba niongee kwa niaba ya sisi ambao hatupigi kwa nguvu maana hapa naona mnajadili kama kila mtu ana mabega ya Koepka. Nilipoanza gofu niliuziwa dukani seti ya wanaume wazee nikaambiwa ndio za kike, shafti, ule mpini wa fimbo, nzito, gripu ya kushikia nene, nimehangaika nazo miaka miwili nikidhani tatizo ni mimi. Nilikuwa nalia nikirudi nyumbani, kweli kabisa.

Kilichonibadilisha ni XXIO. Hii nayo ni ya haohao Sumitomo, iko tangu 2000, na kazi yake ni moja tu, mtu mwenye swingi ya taratibu. Ukiishika mara ya kwanza unashtuka ilivyo nyepesi. Draiva yangu, ile fimbo ya kupigia mbali zaidi, mpira sasa unapaa, zamani ulikuwa unatambaa tu kwenye majani. Ni ghali sikatai, mimi nilipata iliyotumika. Lakini hapa Tanzania ukiitaja mtu anakuuliza hiyo ni nini, hata kuitamka watu hawajui.

Na Cobra msiiache. Kuna rafiki yangu anacheza zile airon zenye urefu mmoja, yaani kuanzia ya 4 mpaka weji zote zina urefu wa namba 7. Bryson DeChambeau alishinda U.S. Open 2020 akiwa nazo. Kwa mtu anayeanza ukubwani kama sisi inasaidia maana unasimama vilevile, mpira unauweka palepale, swingi ni moja. Kasoro nimeona mwenyewe kwake, zile za mikwaju mirefu, namba 4 na 5, hazipai vizuri kama swingi yako ni ya taratibu, yeye ameishia kuweka haibridi, fimbo iliyo kati ya airon na mbao.

FundiGripu
Dada umesema kweli tupu. Nusu ya watu wanaolaumu fimbo tatizo lao ni shafti. Mtu anapiga shafti ngumu ya chuma kwa sababu pro kwenye TV anapiga hiyo.

Mtoto wa Ilala, Illinois
Nawasalimu kutoka huku karibu na Chicago. Nimefurahi Kedi umeitaja Wilson maana huku kwao kabisa nako watu wanaipita dukani. Mimi ninayo Dynapower yao na nitaipigia debe popote.

Ila niongeze jina ambalo hakuna aliyelitaja, Tour Edge. Iko hapahapa Illinois, mji wa Batavia, ilianzishwa 1986 na David Glod. Fimbo zao za mbao, zile za kichwa kikubwa za mikwaju mirefu, na haibridi ni moto. Bernhard Langer, yule Mjerumani ambaye ameshinda mara nyingi kuliko mtu yeyote kwenye ligi ya wazee ya Marekani, amewahi kubeba mbao za Tour Edge. Na wanatoa garantii ya maisha, kichwa kikipasuka unabadilishiwa. Bei yake ukilinganisha na draiva mpya za hao wakubwa unabakiwa na hela ya mipira ya mwaka mzima.

Kuna Sub 70 pia, nao wa huku Illinois, na Takomo wa Finland, hao wote wanauza mtandaoni moja kwa moja bila duka katikati ndio maana bei iko chini. Takomo 101 nimezipiga za jamaa yangu, nilishangaa kwa kweli. Shida kwenu nyumbani hamna pa kujaribu kabla ya kununua, na ukiagiza uweke hesabu ya usafiri, ushuru na VAT, isije ile bei nzuri ikayeyuka bandarini.

BungaBunka
Mimi naomba nitoe hoja ya upande wa pili wakuu msinielewe vibaya. Fimbo ni hela. Ukinunua Titleist au Ping ukaichoka baada ya miaka mitatu unaweka kwenye grupu la WhatsApp asubuhi mchana imeshaondoka. Ukiweka Wilson utaulizwa bei na watu wawili halafu kimya. Hilo nalo ni la kuangalia kwa sisi ambao seti moja tunaipata kwa kujibana.

KediWaZamani
BungaBunka hoja yako ni ya kweli siipingi. Ila igeuze, kama inashuka bei hivyo basi mimi mnunuzi wa mtumba ndio napata nafuu. Seti ya Srixon iliyotumika mwaka mmoja unaipata kwa hela ambayo kwa ile ya jina kubwa unapewa iliyochakaa.

NgongRoad
Na kuna jambo la feki. Mimi nilishapigwa, naomba mjifunze. Niliona draiva ya jina kubwa mtandaoni, bei tamu, picha safi, muuzaji anajibu haraka. Ilipofika nikaona rangi iko sawa, kava iko sawa, lakini sauti ilikuwa kama kugonga sufuria. Nikaweka sumaku kwa uso, ikashika! Uso wa draiva ya titani haushiki sumaku. Nikaangalia shingoni gundi imemwagika, ile pete nyeusi inacheza. Hela ilienda na simu ya muuzaji ikazimwa. Wanaotengeneza feki wanafuata majina ambayo yananunuliwa zaidi, sijawahi kuona mtu akiniletea Tour Edge feki.

Ghala_Muscat
Salamu kutoka Muscat jamani. Mmezungumza airon na draiva, hakuna aliyegusa fimbo ya kuputia, ile ya kusukumia mpira shimoni, na ndiyo unayoitumia zaidi ya theluthi ya mikwaju yako. Mimi nitataja L.A.B., kampuni ya Oregon. Sura yake mbaya, nakiri, inafanana na chuma cha kufungia mlango, wenzangu huku walinicheka miezi. Lakini kichwa chake kimesawazishwa kisijigeuze chenyewe wakati unapiga, hulazimiki kuking'ang'ania kwa viganja. J.J. Spaun kwenye U.S. Open 2025 pale Oakmont, shimo la mwisho, aliputi kutoka futi 64 akaingiza, na alikuwa ameshika L.A.B. Baada ya siku ile wale walionicheka wakaanza kuniomba nijaribu.

Mimi yale ya mita moja na nusu yalikuwa yananinyima usingizi. Sasa naingiza.

KediWaZamani
Nimerudi wadau. Jumamosi nimepata bahati, jamaa mmoja kaniazima ZX5 yake namba 7, mwingine JPX ya kufuliwa, na mimi nina Dynapower ya jirani. Nimepiga mipira 20 kila moja, asubuhi kabla jua halijawa kali maana hapa Dar saa nne gripu inaanza kuteleza kwa jasho. Dynapower ndio iliyoenda mbali zaidi ila mpira ulikuwa unatua na kukimbia, grini zetu, pale penye shimo, ngumu zilivyo ulikuwa unapitiliza. JPX mzee wa Nyali uko sahihi, ile ladha sijawahi kuisikia, lakini mipira kama saba nilipiga karibu na ncha na yote ilikufa njiani. ZX5 hata niliyokosea ilifika ukingoni mwa grini. Mipira 20, 13 ilikuwa juu ya grini, niliihesabu mara mbili.

Kwa hiyo naenda Srixon, na moyo unanisuta kidogo kwa Wilson kusema ukweli. Weji nitaweka Cleveland. Ile namba 7 ya mzee nitaibakiza kwenye begi la mazoezi.

FundiGripu
Umechagua vizuri. Ukizipata usizipige kwanza, zilete nipime shafti na lai, ile pembe kati ya shafti na kichwa, wewe ni mrefu, kipimo cha kiwandani hakitakutosha. Na hiyo namba 7 ya mzee ilete pia. Gripu yake najua imeshakuwa ngumu kama pembe. Nina ile ya kamba ya zamani moja imebaki, nakuwekea bure.

Mzee wa Nyali
Mwekee ya kamba fundi, bledi hiyo yastahili. Na hapo penye doa usipasugue.